Kapa ya Tarakilishi na Kimya cha Mkalimani

Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewahi kufundisha ngeli za nomino anaifahamu taabu ya kueleza kitu ambacho hakionekani. Neno "matunda" lina kiambishi cha ngeli kinachosikika peupe, nacho ni ma-. Neno "tunda" je? Hapo hakuna cha kuonyesha kwa kidole. Hata hivyo, mwenye kukijua Kiswahili hatasema "tunda kimeiva" wala "tunda umeiva". Atasema "tunda limeiva", na hiyo li- iliyo katika kitenzi ni ushahidi kwamba nomino ile imeibeba ngeli yake kimyakimya. Wanaisimu wamelipa jambo hili jina la mofimu kapa: mahali panapojulikana, penye kazi inayojulikana, pasipokuwa na sauti hata moja. Wanafunzi hucheka wanapolisikia mara ya kwanza. Hudhani ni ujanja wa wasomi waliokosa la kufanya, ilhali Panini, mwanasarufi wa Kihindi aliyeishi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, alikwisha kuuona umuhimu wa kukitungia kanuni kile kisichotokea.

Nia yangu leo si kurudia somo la mofolojia. Nataka kuonyesha kwamba mafundi wa tarakilishi nao wanayo kapa yao, kwamba kapa hiyo si sawa na sifuri ingawa huvaa nguo za sifuri, na kwamba inapovushwa kutoka mfumo endeshi mmoja hadi mwingine kwa njia ya mkalimani, huponea chupuchupu au huangamia kabisa. Walimu wetu wa somo la kompyuta aghalabu hulipita jambo hili kama gari la moshi lipitavyo kituo kidogo. Matokeo yake ni vijana wanaohitimu wakiwa wanaamini kwamba ukubwa wa faili ni nambari moja tu.

Tuanze na asili. Mnamo mwaka 1969, katika maabara ya Bell kule New Jersey nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo endeshi uliokuja kuitwa Unix. Inafaa wapenzi wa lugha wakumbuke kwamba kazi ya kwanza ya maana iliyoulipia mfumo huo ugali wake haikuwa hesabu za wahandisi bali uandishi: mwaka 1971 makarani wa idara ya hataza ya kampuni hiyo waliutumia kuandika na kupanga maombi ya hataza. Hadi leo amri za Unix za kutafuta, kupanga na kuhesabu maneno ni zana kubwa za mtafiti wa lugha. Mwaka 1994 mwanaisimu-kompyuta Kenneth Church alitoa mafunzo yaliyoitwa "Unix for Poets", yaani Unix kwa ajili ya washairi, na jina hilo halikuwa mzaha mtupu.

Waundaji wa Unix walilitazama faili kwa jicho jepesi mno. Kwao, faili ni mfuatano wa baiti tu, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Programu inapoandika, hushika kitu kama kidole kinachoonyesha imefika wapi. Kidole hicho chaweza kusogezwa mbele au nyuma bila ya kuandika lolote; na hapa ndipo penye ladha, kwa sababu chaweza pia kusogezwa kupita mwisho wa faili. Programu ikiruka hadi mbali kabisa na kuandika baiti moja, faili huwa refu ghafla. Je, ile nafasi iliyorukwa imejaa nini?

Jibu la Unix ni kwamba haikujaa chochote. Tuseme faili lina kadi yake, mfano wa zile kadi za maktaba tulizozizoea kabla ya mashine kuingia. Katika Toleo la Saba la Unix, la mwaka 1979, kila kadi ilikuwa na nafasi 13 za anwani: 10 za kwanza zilielekeza moja kwa moja kwenye vipande vya diski vilivyoshika maandishi, na 3 zilizosalia zilielekeza kwenye orodha za anwani nyingine, kwa ajili ya mafaili makubwa. Mahali ambapo programu iliruka, anwani haikujazwa, na hakuna kipande cha diski kilichotengwa. Programu nyingine ikija kesho kusoma sehemu ile, mfumo huitazama kadi, hukuta hapana anwani, nao huikabidhi sifuri kadiri ilivyoomba. Sifuri hizo hazikuwahi kuandikwa mahali popote. Zimetungwa papo hapo, mbele ya msomaji.

Fikiria mtunzi aliyeandika ukurasa wa 1 na ukurasa wa 1,000 wa kitabu, na mhifadhi wa maktaba akaweka rafuni karatasi mbili tu. Ukimwendea na kumwomba ukurasa wa 500, hakwambii kwamba haupo. Anakupa karatasi nyeupe. Kitabu kina kurasa 1,000 kwa anayekisoma, na karatasi mbili kwa anayekibeba. Wote wawili wanasema kweli.

Ndiyo maana katika Unix kuna amri mbili zinazoweza kutoa majibu yanayotofautiana kama usiku na mchana. Amri ya ls, ikiombwa maelezo marefu, hutaja urefu wa faili kwa msomaji. Amri ya du hutaja nafasi ambayo faili limeishika katika diski. Faili la gigabaiti moja laweza kuwa na urefu wa baiti 1,073,741,824 kwa ls, na du ikajibu 0. Mwanafunzi asiyefunzwa tofauti hii hukimbilia kusema kwamba mashine imeharibika.

Wala tusidhani kwamba haya ni maajabu ya maonyesho. Kwa miaka mingi mifumo ya Linux imetunza faili liitwalo lastlog, ambalo huweka habari za mara ya mwisho kila mtumiaji alipoingia. Habari za kila mtu huchukua baiti 292, nazo huwekwa mahali panapolingana na nambari yake ya utumiaji. Katika taasisi kubwa ambamo watumiaji hupewa nambari za juu sana, tuseme kama bilioni moja, faili hilo husomeka kana kwamba lina baiti bilioni 292, hali lililomo ndani ni kumbukumbu za watu wachache. Hivi ndivyo pia zilivyo diski za kuigiza zinazotumiwa kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine: huahidi nafasi nyingi, hushika kidogo, na hukua kadiri zinavyoandikwa.

Sasa tufike kwa mkalimani.

Tarakilishi nyingi zilizomo katika shule na vyuo vyetu huendeshwa na Windows, ilhali zana nyingi za utafiti zimeandikwa kwa ajili ya Unix. Daraja maarufu kati ya pande hizo mbili ni Cygwin, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Steve Chamberlain katika kampuni ya Cygnus Solutions, ambayo baadaye ilinunuliwa na Red Hat. Cygwin si mfumo endeshi. Ni tabaka linalokaa kati: programu iliyotungwa kwa Unix huundwa upya ili izungumze na tabaka hilo, nalo huligeuza kila ombi kuwa ombi linaloeleweka na Windows. Programu inasema kwa Kiunix, Windows inasikia kwa Kiwindows, na kila upande unaridhika. Huo ndio ukalimani hasa.

Wenye kufundisha tafsiri wanajua kwamba maneno yaliyosemwa huwa si tatizo kubwa la mkalimani. Tatizo ni yale ambayo lugha ya kwanza imeyaacha bila ya kuyasema, na lugha ya pili inalazimisha yasemwe. Chukua sentensi fupi kama "Mwalimu amefika." Mswahili hajasema kama mwalimu huyo ni mwanamume au mwanamke, wala kama ni yule tunayemjua au ni mwalimu yeyote. Sarufi yake haikumdai. Mpe Mwingereza sentensi hiyo aiendeleze, naye hatakwenda mbali kabla ya kulazimika kuchagua. Asipojua, atabahatisha, na kubahatisha kwake kutasomwa kana kwamba ndiyo kauli ya msemaji wa kwanza.

Mambo yako hivyohivyo kwa pengo la faili. Katika Unix pengo huzaliwa kwa kimya: programu inaruka, inaandika, basi. Hakuna tangazo. Windows nayo ilipata uwezo wa kuhifadhi mapengo katika muundo wake wa NTFS kuanzia Windows 2000, lakini kwa sharti moja: lazima faili litangazwe kwanza, kwa amri mahususi, kwamba ni la mapengo. Lisipotangazwa, kuruka kupita mwisho na kuandika kunaifanya Windows itenge nafasi yote iliyorukwa na kuijaza sifuri halisi, moja baada ya nyingine, hata zikiwa gigabaiti kumi kwa ajili ya baiti moja tu. Lugha moja inanyamaza, nyingine inadai tamko.

Afanyeje basi mkalimani? Akilitangaza kila faili kuwa la mapengo, atayachelewesha mafaili mengi ambayo hayakuwa na haja hiyo, maana ushughulikiaji wa mafaili ya aina hii katika NTFS una gharama yake. Asipolitangaza, atajaza kwa sifuri kimya ambacho mwenyewe alikusudia kiwe kimya. Waundaji wa Cygwin, kwa miaka mingi, walichagua njia ya pili kwa ajili ya kasi: mapengo hayakutengenezwa isipokuwa mtumiaji ameomba, kwa kuongeza neno sparse katika maelezo ya namna diski inavyounganishwa. Siwalaumu. Mkalimani anayefanya kazi mbele ya hadhara hana budi kuchagua haraka, na aghalabu huchagua lile litakalowafaa wengi. Ninachokilalamikia ni kwamba watumiaji wengi hawajui kuwa uamuzi wowote ulifanywa.

Na kwa nini hawajui? Ni kwa sababu tafsiri hii, kwa mizani ya maana, ni sahihi kabisa. Programu ikilisoma faili lenye mapengo itapata sifuri. Ikilisoma faili lililojazwa itapata sifuri zilezile, kwa idadi ileile, mahali palepale. Hakuna mtihani wa kusoma utakaoyatofautisha. Uzito ndio umebadilika: la kwanza ni jepesi kama pamba, la pili ni zito kama zege. Kwa hiyo mtu hukaa miezi akidhani kila kitu ki shwari, hadi siku diski inapojaa.

Nimeliona jambo hili kwa wanafunzi wa uzamili wanaokusanya matini za Kiswahili kwa ajili ya utafiti. Mmoja huandaa mashine ya kuigiza nyumbani, yenye diski inayojitangaza kuwa ya gigabaiti 20 ilhali imeshika 2 tu. Anataka kuileta chuoni. Flashi yake, kama zilivyo nyingi, imeundwa kwa mtindo wa FAT32, ambao kwanza haujui mapengo kabisa, na pili haukubali faili moja kufika gigabaiti 4. Kazi inakwama. Kijana huyo hulaumu flashi, kisha hulaumu kirusi, kisha humlaumu aliyemuuzia. Mwenye flashi ya mtindo wa exFAT hupita kizuizi cha pili lakini si cha kwanza: faili litanakiliwa, naam, ila litafika likiwa na gigabaiti 20 kamili za sifuri, baada ya kusubiri hadi chai ipoe.

Kunakili ni ukalimani mwingine. Amri ya cp katika Linux hujaribu yenyewe kuyatambua mapengo na kuyahifadhi. Amri ya tar, inayofunga mafaili mengi katika furushi moja, huyajaza mapengo isipoongezewa herufi -S. Rsync nayo ni vivyo hivyo. Aidha, amri ya scp ya kupeleka faili kupitia mtandao hutuma sifuri zote bila ya kubagua. Katika nchi ambamo mtu hununua data kwa megabaiti na kuzihesabu kama chumvi, kupeleka gigabaiti 18 za utupu si jambo la kuchekea.

Ukalimani huu una historia ya kufurahisha. Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft yenyewe ilileta tabaka lake la kuendeshea programu za Linux ndani ya Windows, na toleo la kwanza lilikuwa mkalimani halisi: kila ombi lilitafsiriwa. Toleo la pili, lililotangazwa mwaka 2019, likaachana na mkalimani. Wakamleta msemaji mwenyewe, yaani kiini halisi cha Linux, wakamweka katika mashine ya kuigiza na kumpa diski yake. Mapengo yakawa salama ndani ya diski hiyo. Lakini diski hiyo, ikitazamwa kutoka Windows, ni faili moja kubwa linalokua linapoandikwa na lisilosinyaa lenyewe mwenyewe anapofuta vitu vyake. Hata mwaka 2023 ikabidi liletwe chaguo la majaribio la kulifanya nalo liwe faili lenye mapengo. Msemaji uliyemkaribisha ndani anajua kunyamaza, lakini nyumba uliyomjengea haijui. Tatizo lilitoka chumbani likaenda mlangoni.

Sasa niseme kuhusu lile linalowahusu walimu wote, hata wasiogusa tarakilishi. Nimesema kwamba msomaji wa faili hupewa sifuri mahali penye pengo. Hapa Unix ilifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina faida kubwa na hatari kubwa kwa pamoja. Faida ni kwamba programu hazihitaji kujua lolote kuhusu mapengo. Hatari ni kwamba "hapakuandikwa kitu" na "paliandikwa sifuri" zinasikika kwa sauti moja.

Mwalimu yeyote anayejaza orodha ya alama anajua kwamba hizo si kauli moja. Mwanafunzi aliyefanya mtihani akapata 0 ana habari yake, na mwanafunzi ambaye hakufika kwa kuwa alikuwa amelazwa hospitalini ana habari nyingine kabisa. Katika matokeo ya mtihani wetu wa kitaifa, asiyefika huandikiwa X, si sifuri. Kuna hekima ndani ya herufi hiyo. Chukua darasa la wanafunzi 40 ambamo 10 hawakufika, na 30 waliofika wakapata wastani wa 60. Ukiwahesabia wasiofika sifuri, wastani wa darasa unaanguka hadi 45. Mkuu wa shule ataita kikao. Mwalimu wa somo atakaripiwa. Hakuna aliyeshindwa mtihani. Ni pengo lililosomwa kana kwamba ni sifuri.

Muda mrefu ulipita kabla ya mifumo ya aina ya Unix kutoa njia ya kuuliza, bila ya kubahatisha, mapengo ya faili yako wapi. Solaris iliweka maombi mawili ya kazi hiyo mwaka 2005, moja la kutafuta pengo lililo mbele na jingine la kutafuta data iliyo mbele. Linux ikayapokea mwaka 2011, katika toleo la 3.1, na mwaka 2024 yakaingizwa katika kiwango cha POSIX. Hata hivyo, mfumo unaruhusiwa kujibu kwamba faili lote ni data. Kwa hiyo asijitokeze mtu wa kutumia pengo la diski kama alama ya "hakufika". Mwenye kutaka kusema "hakuna" na aseme hakuna, kwa herufi iliyoandikwa. Kapa ya tarakilishi ni njia ya kuokoa nafasi. Haikuundwa ili ibebe maana, na hapo ndipo inapoachana na kapa ya Kiswahili, ambayo msikilizaji hujua daima jinsi ya kuisoma. Nikimwambia mtoto "Soma!", sikutaja nafsi, naye hatamtazama jirani kuuliza ni nani anayeambiwa.

Limebaki suala la istilahi, ambalo sina budi kuligusa kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Je, faili la namna hii tuliiteje kwa Kiswahili? Nimesikia vijana wakiliita "faili hewa". Ni jina la kuvutia, na chimbuko lake linajulikana: sisi ni watu wa nchi iliyowazoea wafanyakazi hewa, wale wanaopokea mishahara bila ya kuwa na miili. Lakini ndiyo sababu hasa nalikataa. Mfanyakazi hewa ni uongo ulioandikwa katika daftari ili mtu ale. Faili letu halimdanganyi yeyote. Linataja urefu wake kwa anayeuliza urefu, na nafasi yake kwa anayeuliza nafasi. Wengine hupendekeza "faili tupu", jambo ambalo si sahihi, maana faili tupu ni lile lisilo na baiti hata moja, na hilo ni kitu kingine kinachohitaji jina lake.

Mimi husema "faili lenye mapengo". Pengo hukaa kati ya meno yaliyopo, na kinywa hubaki kinywa. Nafasi ya jino hujulikana hata kama jino halipo. Ulimi huifikia kila siku. Yuko mwenzangu anayeshikilia "faili la kapa", na hoja yake si haba, kwani neno kapa limekwisha kuingia katika sarufi na lilikuwa katika mchezo wa karata kabla ya hapo. Tumebishana mara nyingi. Nadhani mwanafunzi wa kidato cha pili ataelewa pengo bila ya kufafanuliwa, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia. Lililo muhimu ni kwamba hakuna hata moja kati ya mambo haya niliyoshindwa kuyaeleza kwa Kiswahili, na wanaodai kwamba lugha yetu haiwezi kubeba sayansi ya tarakilishi hawajajaribu. Neno sifuri lenyewe linatoka katika Kiarabu, nalo huko lilikuwa na maana ya utupu kabla ya kuwa tarakimu. Lugha za Ulaya zililichukua neno hilohilo na kulipitisha Kilatini. Katika suala la utupu, sisi hatuko nyuma ya mtu.

Ningependa basi kuona walimu wa kompyuta na walimu wa Kiswahili wakilifundisha jambo hili kwa vitendo, katika kipindi kimoja, kwa mashine moja yenye Cygwin na flashi moja ya FAT32 yenye nafasi ya gigabaiti 8. Mwanafunzi aandike amri ya truncate -s 5G pengo.dat. Aulize kwa ls -l, naye ataonyeshwa 5,368,709,120. Aulize kwa du -k. Ikiwa mkalimani ameliacha pengo, atapata 0. Ikiwa amelijaza, atapata 5,242,880, na hapo mwalimu amwambie aongeze lile neno sparse, aizime Cygwin na kuiwasha tena, alifute faili na kuliunda upya. Wakati wote huo faili lisifunguliwe wala lisiandikwe kitu. Mwishowe alichukue faili hilo, ambalo du imeapa kwamba halishiki nafasi yoyote, ajaribu kulinakili kwenye flashi ambayo haina kitu ndani. Windows itamwambia kwamba faili ni kubwa mno. Darasa litanyamaza kidogo, kisha mikono itaanza kuinuliwa.